Sabuni Isiyouma Ulimi

Jumamosi, 2 Machi

Leo nimeanza. Mafuta ya nazi, mafuta ya mawese, maji, na kostiki, ile soda kali inayogeuza mafuta kuwa sabuni. Basi. Kipimo nilipewa na mteja wangu anayejitengenezea sabuni nyumbani. Nilikuwa nampima gauni, nikakiandika nyuma ya karatasi yake — sasa kiuno chake na gramu za kostiki vinakaa pamoja.

Sababu ni Mama. Miaka thelathini na tisa amekuwa dobi, na mikono imepasuka hadi inatoa damu. Daktari alimwambia aache sabuni kali au aache kufua. Ameacha kufua. Amehamia kwetu, anashinda dirishani akitazama kamba ya nguo ya jirani. Leo amesema shuka za jirani zimeanikwa na povu lake, hazikusuuzwa. Amesema mara tatu. Mara ya tatu sauti ilikatika kidogo, nikaenda jikoni kujifanya natafuta mwiko.

Mume wangu ni mwokaji mikate. Hupima hata majani ya chai. Akauliza, sasa fundi, utapimia nini? Nikamwambia nimekata nguo za watu kwa jicho miaka ishirini, kikombe kinanitosha. Akacheka, akaenda kazini.

Glavu nimevaa, madirisha nimefungua. Kostiki ndani ya maji, kamwe si maji ndani ya kostiki, maana huruka. Maji yakapata moto yenyewe, bila jiko! Nikamimina kwenye mafuta, nikakoroga mpaka bega likalalamika. Ikawa nzito kama uji. Imelala kwenye boksi la viatu nililolitandika nailoni. Nimelichungulia mara saba.

Jumatatu, 4 Machi

Imeganda! Ila ina chembe nyeupe juu, kama chumvi. Nimejiambia ni urembo.

Mama akasema lete nione. Akalowesha ncha ya kidole, akaisugua kwenye sabuni, akagusisha ulimi kidogo tu. Anasema madobi wa zamani walipima hivyo: ikiuma ulimi, itakula ngozi. Aliurudisha ulimi haraka. Akasukutua, akafuta mdomo, akasema, "Mwanangu, hii si sabuni. Hii ni kesi."

Kisha akacheka. Alicheka mpaka akajishika mbavu. Nilinuna kwanza, halafu nikakumbuka sijamsikia akicheka tangu aende kwa daktari. Basi nikacheka na mimi.

Mume wangu alikiangalia tu kile kikombe, akakirudisha kabatini taratibu. Mwiba wa kujichoma hauambiwi pole.

Jumanne, 5 Machi

Nimemwomba mume wangu mizani. Nimeomba mwenyewe, kwa mdomo wangu. Naandika ili siku hiyo ijulikane.

Jumapili, 10 Machi

Tumerudia. Mizani ya mkate katikati ya meza, na mume wangu kasimama nayo kama mlinzi. Kwanza akajaza kostiki kile kikombe changu cha wiki ile, akaipima. Ilizidi karibu nusu! Nusu nzima. Nilitazama dari.

Leo hakuna jicho, ni gramu tu. Mafuta gramu, maji gramu. Nilimimina, akapima, tukagombana kidogo kuhusu chembe tatu za kostiki, akashinda. Mama alikaa mlangoni, mbali na mvuke, akitoa amri. Korogeni upande mmoja. Msizungumze, korogeni. Mwiko ulipoanza kuacha mstari nyuma yake, akasema hapo. Tukamimina.

Nimefurahi leo. Sijui kama ni sabuni au ni sisi watatu jikoni.

Jumatatu, 11 Machi

Laini, haina chembe hata moja. Kisu kiliibomoa pembeni, nikachukua uzi wa kushonea jinzi — ukapita bila kelele. Vipande ishirini na vinne. Nimevipanga juu ya kabati, karatasi pembeni, tarehe kwa chaki ya fundi.

Mteja alisema vipumzike wiki nne. Mume wangu: subira yavuta heri. Mama: inavuta na nguo chafu pia.

Ijumaa, 22 Machi

Mama amejipa kazi. Kila asubuhi anageuza vipande vyote, kimoja kimoja, ili vikauke pande zote. Nikimsaidia ananifukuza. Anasema nina mikono ya kukata, sina ya kuanika.

Leo amegusa kwa ulimi. Nikauliza, vipi? Akasema haiumi tena, lakini bado inanong'ona.

Shuka za jirani hajazitaja tangu Jumatano. Mpasuko wa kidole gumba umeziba. Naogopa kufurahi. Mikono imepona kwa sababu haifui. Je, ikirudi kwenye beseni?

Jumapili, 7 Aprili

Wiki nne. Kidole, sabuni, ulimi. Mama alifumba macho. Mimi na mume wangu tulisimama pale kama watoto wanaosubiri matokeo ya mtihani.

Akasema, "Imenyamaza."

Akanawa mkono wa kushoto peke yake. Nikauliza kwa nini wa kushoto. Akasema ukiharibika, abaki na wa kula. Siku tatu atanawa huo huo, tuone.

Jumanne, 9 Aprili

Siku ya tatu. Mkono wa kushoto mzima kabisa. Laini kuliko wa kulia! Mama anaunyoosha dirishani kwenye mwanga, anaugeuza, anajisikia haya nikimkuta. Nimeshona vifuniko viwili vya mifuko kinyume leo. Potelea mbali.

Jumatano, 10 Aprili

Naandikia kwenye kiti cha Mama, dirishani. Kiko wazi. Asubuhi ametoka na kapu bila kuaga. Nilidhani sokoni. Kumbe amekwenda kwa jirani! Amerudi na zile shuka, zote, kapu limejaa mpaka shingoni. Sijui alimwambia nini. Jirani amemfuata hadi getini, amesimama tu, mkono mdomoni.

Nimempelekea Mama beseni la kunawia. Amelirudisha. Anataka kubwa. Nimempelekea glavu. Amezitazama, akazibania kwenye kamba yetu uani, zinaning'inia hapo kama nguo za mtu.

Mume wangu ananong'ona tumzuie, aanze na shuka moja, na glavu. Nimemwambia azuie yeye, ni mama mkwe wake. Amerudi jikoni.

Mama amekunja mikono ya gauni mpaka viwikoni. Kipande kimoja cha sabuni mkononi. Mikono yote miwili imeingia majini, wa kushoto na wa kulia — povu limepanda — sioni vidole vyake. Anasugua. Anaimba kitu.

Ananiita. Anasema niache kuandika nikalete kipande cha pili, na nimwambie jirani aingie ndani aone shuka inavyosuuzwa.