Lipu ya Simenti Kanisani

Jumapili, 27 Aprili
Misa ya kwanza. Mama kakaa palepale, safu ya tatu upande wa wanawake, bega na mgongo ukutani. Tulipotoka kitenge chake kilikuwa kimelowa mgongoni. Mvua haijanyesha tangu Alhamisi. Nimeona.

Jumatatu, 28 Aprili
Kazi Gungu, choo cha mwalimu mmoja. Mikono inapanga tofali, kichwa kiko kanisani. Ukuta ule niliupiga lipu mimi, mwaka juzi. Simenti ya kutosha, laini kama sahani. Nilisifiwa mpaka nikavimba kichwa.

Jumatano, 30 Aprili
Nimebandua kipande nyuma ya kanisa, ukubwa wa kiganja. Tofali zimelowa, zinamong'onyoka. Wamisionari walijengea udongo, juu wakapaka chokaa. Ukuta ukinywa maji, unayatoa. Simenti yangu imeyafungia ndani. Nimeziba kwa matope nikaondoka. Najichukia.

Jumamosi, 3 Mei
Kikao cha kamati. Mwenyekiti, Mzee Balthazari, kasema kanisa la wakoloni limeoza, tubomoe, tujenge la bloku. Tofali zile alizichoma babu, baba yake Mama. Wakanigeukia: fundi unasemaje? Nikasema nitafikiri. Mwoga mkubwa mimi. Nikisema ukweli, nani atanipa kazi tena, hapa au Ujiji?

Jumapili, 4 Mei
Baada ya misa nimesimama mbele ya wote. "Shikamooni wazee. Kanisa halijaoza. Nimeliozesha mimi, kwa simenti."
Mama kainamisha kichwa.
Mzee Balthazari: "Basi turudishie ukuta wetu kabla ya mvua za vuli. Ukishindwa, tunabomoa."

Alhamisi, 22 Mei
Tindo na nyundo, nabandua simenti yangu, siku ya kumi na tano. Malengelenge. Wapita njia wanacheka: "Fundi anakula kazi yake!" Mwalimu wa Gungu kapata fundi mwingine. Imeniuma. Tofali moja ina alama za vidole vinne, vya mtu aliyeishika ikiwa mbichi. Nimeipita polepole kwa tindo.

Jumapili, 6 Julai
Kiangazi, upepo wa ziwa mchana kutwa. Ukuta uko uchi, mwekundu, hauna sura. Chokaa ya kuupaka bado imelowekwa kwenye pipa. Mama kaegemea palepale. Tulipotoka nimemwacha atangulie. Kitenge kikavu, kina vumbi jekundu tu la tofali za baba yake. Sikumkung'uta.