Ndevu za Bwana Harusi Siku ya Test

Da Zuhura mpenzi,

Nakusalimu kutoka Maskati, ambako maji ya bomba yanatoka yameshachemka, bila ya kuombwa.

Jana mchana, kabla ya nikaha yangu, nilikwenda mtaa wa Al Khuwair kupunguza ndevu. Kinyozi wangu Mpakistani, mwenzake wa kiti cha pili Mbangladeshi, na kwenye televisheni timu zao zilikuwa zikicheza Test, ile kriketi ya watu wenye nafasi, siku tano na mapumziko ya chai. Upande mmoja wa ndevu zangu ulikuwa umeshapunguzwa pale mchezaji wa Pakistani alipotolewa.

"Mwamuzi kipofu!" akapiga kelele kinyozi wangu.

"Jifunzeni kucheza," mwenzake akamshauri kwa upole.

Wangu akatupa mkasi, akatoka, hakurudi. Nikamwomba yule mwengine animalizie.

"Hiyo kazi ya Pakistani. Mimi siigusi."

"Nnaoa baada ya Laasiri!"

"Unashabikia nani?"

Da Zuhura, sijapata kuipenda Bangladeshi namna ile. Akafurahi, akaifuta kazi ya jirani yake kwa kuzinyoa ndevu zote: kidevu kikabaki kitupu kama cha mtoto mchanga. Mechi yenyewe imekwisha leo, sare.

Nilipoingizwa kwa bibi harusi, Salma alinitazama, kisha akamgeukia mamake.

"Mama, huyu ndiye niliyemkubali?"

"Ndiye, mwanangu. Zitaota."

Nibusie Mama, umwambie asishituke na picha. Mungu akuwekeeni.

Nduguyo aliyeoa,
Suleiman