Mlima Umenikataa

Jumanne, 8 Julai 2025
Siku ya nne Tengeru. Ukuta wa ukumbi wa usharika umeshapigwa rangi nyeupe, unanisubiri mimi tu. Wanataka Mlima Meru, "kama ule wako wa zamani." Wa zamani! Niliuchora kabla mke wangu hajahamishiwa Pangani, kule pwani, nami nikamfuata. Miaka mitatu sasa.
Nimejaribu kwanza kwenye kipande cha plaiwudi. Anga — halafu anga tena — halafu kamlima chini kabisa, kamepauka. Nimefuta.

Alhamisi, 10 Julai
Nimefuta tena. Nasingizia mawingu, tangu nifike mlima haujatokea hata dakika moja. Lakini Vaileth, mdogo wangu, naye hauoni. Jana kachukua rangi zangu zilizobaki akachora wake jikoni, huku anaangalia sufuria ya ndizi! Nikamuuliza kautoa wapi. Kaka, si upo hapo nyuma ya banda la ng'ombe, akasema.
Pangani mwanga unakula rangi. Nilijifunza kuacha nafasi, na picha zangu za kule ni nzuri, najua. Hapa mkono hautaki kukoza kijani hata nikiulazimisha. Nina hasira na sina wa kumkasirikia.

Jumamosi, 12 Julai
Mama Anyesi, katibu wa kamati, kaja kukagua. Kaangalia kazi yangu weee. Akauliza kwa upole kama huo ni ukungu au rangi iliisha. Kisha akaona ya Vaileth, imeegemezwa kwenye gunia la mahindi. Huu sasa ndio mlima wako, Anaeli, akasema, kumbe ulikuwa unanitania.
Vaileth alikuwa anamimina chai. Akaendelea kumimina. Nami sikumwambia Mama Anyesi kuwa ni wa Vaileth, na nafasi nilikuwa nayo.

Jumatatu, 14 Julai
Tumeanza saa mbili asubuhi. Kamati inadhani Vaileth ananisaidia. Ukweli: nachanganya rangi, yeye anachora, huku anaimba nyimbo za kwaya. Mlima umekaa sawasawa, migomba chini yake. Ni mzuri. Inaniuma kuandika hivyo.
Mke wangu kapiga simu. Nimemwambia kazi inaenda vizuri.
Saa kumi. Limebaki jina la mchoraji tu, kwenye kona. Vaileth kashuka ngazi, kaosha brashi nyembamba, kanipa. Mama Anyesi yuko mlangoni na wazee wawili wa kanisa, simu mkononi, wanasubiri kupiga picha. Nimewaambia rangi ya chini haijakauka. Nimekaa kwenye benchi, naandika haya.
Imekauka. Vaileth anajua imekauka.