Baba, Malaika Ameitwa Manowarini

Baba yangu mpendwa,

Nimekaa jikoni hapa Tensta, Sweden, miguu nimeinyoosha juu ya kiti cha pili kwa sababu imevimba tena. Nilitaka kulala kidogo mchana huu, nikashindwa. Na mtu wa kumweleza sina, isipokuwa wewe uliyelala Tanga miaka yote hii. Malaika, mjukuu wangu, mtoto wa Rehema, ameitwa jeshini. Tena wamempangia manowari, chumba cha injini.

Huyu mtoto hukumwona. Ana kimo chako na ukaidi wako. Ukimsemesha Kiswahili anakujibu Kiswidi, labda awe anataka kitu. Habari alituletea Jumapili tukiwa mezani, anacheka. "Bibi, si hata baba yako alikuwa mwanamaji? Nisimulie."

Nikamsimulia zile ulizokuwa ukitusimulia sisi barazani pale Ngamiani, huku unashona viatu vya watu. Jinsi ulivyoandikishwa Kilindini ukiwa kijana, mkapewa manowari ndogo iliyoundwa harakaharaka kwa ajili ya vita, kazi yake kusindikiza meli za mizigo zisizamishwe na nyambizi. Ninyi Waswahili mliokuwamo mkaiita Yaya, kwa kuwa kutwa kucha ilikuwa inawazunguka wenzake: huyu anachelewa, yule anapotea njia. Mombasa hadi Aden, Aden hadi Kolombo, kisha mnarudi. Nikamsimulia habari za mpishi wenu, aliyejifunga sufuria la wali kiunoni kwa kamba siku ya dhoruba, sufuria likateleza na kumburuta hadi mlangoni. Hapo ulikuwa unacheka mpaka unaweka sindano chini.

Kaka zangu walikuuliza kila mara, "Mlizamisha ngapi, Baba?" Nawe unawajibu, "Hata moja. Sisi kazi yetu ilikuwa kuwafikisha watu." Wanavunjika moyo, wanakwenda zao kucheza mpira.

Malaika alifurahi. Désiré, baba yake, hakufurahi. Ni Mrundi, amekulia kambini Kigoma, na hapa anaendesha basi. Mtu mpole, hapazi sauti. Akaweka kijiko pembeni.

"Mama," akaniambia, "miye nilikimbia wenye bunduki nikiwa mgongoni kwa mama yangu. Leo nimpeleke wangu mwenyewe kwao?"

"Lakini Pappa, hapa ni Sweden, siyo Burundi," Malaika akasema.

"Bunduki inajua tofauti? Siku ya kuondoka msinitafute."

Malaika akanigeukia. "Bibi, mwambie basi."

Hapo ndipo uchovu uliponishukia, Baba. Maana nilikuwa na habari yako nyingine, ile uliyonipa mimi peke yangu, na nimeibeba tangu nilipokuja huku kusomea uuguzi.

Unaikumbuka alasiri ile? Mizigo yangu ilikwisha kufungwa, ukaniita uani. Ulikuwa unamenya muhogo. "Nakwambia wewe kwa sababu unaondoka," ulisema. "Hawa wenzako watakuwa wananiangalia kila siku."

Ukaniambia kwamba asubuhi moja meli ya mizigo ilipigwa mbele yenu, watu wakajitupa baharini, Yaya ikasimama kuwaokota. Wewe ulikuwa chini kwenye boila, hukuona kitu. Ulisikia tu miguu inakimbia juu ya kichwa chako na watu wanalia kwa lugha usizozijua. Rafiki yako Juma, mtoto wa Pangani mliyeandikishwa pamoja, alikuwa juu. Alishuka kwenye wavu uliotupwa ubavuni mwa meli, akawa anawavuta watu. Mara nyambizi ikasikika tena. Nahodha akatoa amri, kengele ikalia kule chini kwako: mwendo wote, sasa hivi. Ukafungua mvuke kama ulivyofundishwa.

"Nilifungua vizuri," uliniambia. "Nilijisifu moyoni, meli ilivyochomoka."

Ulipopanda kuvuta hewa ukauliza Juma yuko wapi. Wavu ulikuwa unaning'inia mtupu. Sitaha ilijaa watu waliolowa mafuta, wanatetemeka, na Juma hakuwamo.

Yaya ilimaliza vita ikiwa nzima, kisha ikauzwa chuma chakavu, wakaikata vipande. Wewe ukarudi Tanga. Watu wa kiwanda cha mkonge walikuita mara ngapi ukawashikie boila? Mama alilalamika hadi akanyamaza, nawe hukumweleza sababu. Ulishona viatu tu. Alasiri ile ndipo nilipoelewa.

Basi nikawasimulia mezani, nusu Kiswahili, nusu Kiswidi, pilau linapoa. Sikumsimulia Malaika ili abaki. Nilitaka aende akiwa anajua, na sikuona mtu mwingine wa kumwambia. Rehema alikuwa analia kimyakimya. Malaika akauliza, safari hii kwa Kiswahili:

"Angejua Juma yuko pale wavuni, angefungua mvuke?"

Hilo sikukuuliza, Baba. Siku ile muhogo uliisha, ukainuka, nikakufuata na sufuria, na sote wawili hatukuigusa tena habari ile.

Kisha Désiré akauliza. "Wale waliolowa mafuta, walipona?"

"Walipona," nikamwambia. "Waliteremshwa Aden."

Akaitikia kwa kichwa, akakichukua tena kijiko chake. "Sawa. Lakini miye stesheni sitaenda."

Malaika hakubadili nia. Jana nimempeleka mwenyewe, Rehema akiwa zamu kule hospitali ya Flemingsberg. Tukapanda basi hadi stesheni ya Spånga, tukasimama jukwaani kwenye upepo, yeye na begi lake, mimi na magoti yangu. Treni ilipoingia akanikumbatia kwa nguvu, akaniambia nisilie, atapiga simu. Milango ikafungwa. Sikulia, Baba. Nilikaa kwenye benchi.

Treni ilikuwa imekwisha kupotea machoni Désiré alipopanda ngazi anakimbia, na sare yake ya kazini, amebeba mfuko wa dukani.

"Imeondoka?"

"Imeondoka."

Akakaa karibu yangu akihema. Baadaye akauliza, "Amekula?"

"Amekula."

Nikamwekea mkono mgongoni, kama nilivyokuwa nawawekea ndugu wa wagonjwa. Treni nyingine ikaja, watu wakashuka, watu wakapanda, sisi tumekaa palepale. Alipoinuka kurudi kazini aliniachia ule mfuko. Ndani mna soksi nene za sufu, pea kadhaa, bado zina karatasi za duka.

Nimechoka, Baba. Nilidhani mtu akizeeka mambo humpungukia. Swali la mtoto nimekuletea, wala sitegemei unijibu. Wewe umeshafanya zamu yako, lala. Soksi ziko hapa mezani mbele yangu, na Désiré ameshapiga simu mara mbili kuuliza kama nimezituma. Ngoja miguu ipoe kidogo, nitainuka nizipeleke posta kabla hawajafunga.

Ni mimi,
kitinda mimba wako