Shayiri Ndani ya Boila

Ijumaa, 10 Januari 2025

Tumepampu tena. Boila la treni yetu linavuja tena! Mabomba mawili ya chini, mkono wa kushoto. Mshale wa geji unapanda, tunashangilia, dakika kumi hazijafika huo unateremka. Cornelius kalala chali ndani ya tanuri, tochi mdomoni, anatukana kwa Kijaluo. Katoka mweusi tititi. "Mama Hamdiya, hii kitu imekataa." Mtu huyu kafanya kazi karakana ya reli Nairobi miaka kumi na tisa. Sasa yuko huku kwetu kwa Waarabu, anatengeneza AC mtaa wa Ghala, na Ijumaa yake anatupa sisi bure. Yeye akisema imekataa, imekataa.

Na mkaguzi anakuja Alhamisi!

Khattab, mwenye kiwanja, keshasema lake. Kichwa cha treni cha marehemu baba yake kikipasi, tubaki na banda la Wadi Kabir na reli yetu ya mita mia tatu. Kisipopasi, kinakatwa chuma chakavu, banda linageuzwa stoo. Miaka minne ya kukwangua kutu, khalas. Ndugu yangu Marhoon, kiongozi wa kikundi chetu cha kufufua treni hii, kainamia kikombe chake. Kakoroga chai mpaka ikapoa.

Jumamosi, 11 Januari

Nimelia. Haya, nshaandika.

Tangu mume wangu kufariki na mie kustaafu maabara ya maji, wiki yangu ina siku moja tu — Ijumaa. Wanangu wananipigia simu kutoka Sohar, wanauliza presha, wanakata. Pale bandani mie ndiye mtu wa maji. Hakuna tone linaloingia kwenye boila sijalipima. Banda likifungwa nikae wapi? Na mashoga zangu wa mtaani, tushindane maradhi? Wallahi siwezi.

Jumatatu, 13 Januari

Cornelius kapita jioni baada ya kazi, kajaribu kutanua ncha za yale mabomba zikaze, mara ya nne. Wapi! Mapya yanatoka India, mwezi mzima.

Tukakaa tunakula sambusa. Katusimulia kwamba zamani boila likivuja njiani, wazee wa reli walikuwa wanatia pumba ndani. Pumba zinavimba, maji yanazisukuma kwenye ufa, ufa unaziba, treni inafika nyumbani. Kacheka mpaka kapaliwa. Halafu kasema yule mzee aliyemwona akifanya hivyo alifukuzwa kazi, kwa sababu pumba hazichagui tundu, zinaziba hata pasipotakiwa.

Mie nimeshika nusu ya kwanza tu.

Jumanne, 14 Januari

Supamaketi. Shayiri ya shurba, ile supu ya kufuturia, paketi sita. Msichana wa kaunta kauliza, mama, Ramadhani mbona bado? Nimemwambia nna wageni.

Jumatano, 15 Januari

Nimefanya. Astaghfirullah.

Funguo ninazo, za kazi ya maji. Nimekwenda saa nane mchana, hakuna mtu. Nimeiroweka shayiri kwenye ndoo, nimeimimina kwa tundu la juu la boila, nikajaza maji ya uvuguvugu, nikapampu peke yangu mpaka mabega yakawaka. Mshale umepanda. Nikakaa nao robo saa nzima.

Haukuteremka.

Alhamisi, 16 Januari

TUMEPASI!

Mkaguzi kasimama nusu saa mbele ya geji, kalamu mkononi, mtu hapumui. Kapapasa mabomba ya chini kwa kidole. Makavu. Katia sahihi. Marhoon — mtu mzima, mvi mpaka nyusi — kasujudu pale pale kwenye sakafu ya grisi na dishdasha yake, kanzu nyeupe. Cornelius kanishika mikono miwili: "Mama, umeona? Hata tone!" Anaamini ni kazi yake. Ile ya Jumatatu, eti hatimaye imeshika. Kapiga simu Kisumu kumwambia mkewe, nikamsikia anasema mikono yake bado haijazeeka.

Nikaenda kuosha vikombe ambavyo nshaviosha.

Ijumaa, 17 Januari

Kesho wageni wa Khattab. Kesho moto wa kwanza, treni inatembea.

Nimewaambia tulikoshe boila kwanza. Marhoon kauliza kwa nini. Nikasema maji yana chumvi. Kaniuliza, si uliyapima weye? Nikajifanya natafuta kitambaa. Cornelius akasema boila lililokaa vizuri halichokozwi, huyu hata hataki liguswe.

Marhoon na wengine wakaenda kusali, Cornelius kafuata maji ya kunywa. Nikafungua koki ya chini mwenyewe. Ukatoka uji! Uji mzito, unanuka uchachu, ndoo mbili. Halafu ukakatika. Nikachokoa kwa waya, hakuna. Ndani kumejaa na koki imeziba. Nimeumwaga ule uji nyuma ya ukuta, nikaosha ndoo na mikono. Waliporudi wakanikuta nafuta shaba.

Ningesema saa ile. Mungu wangu, kwa nini sikusema saa ile?

Jumamosi, 18 Januari

Nimo garini. Nimewaambia nnakuja kunywa dawa ya presha.

Moto umewashwa tangu saa moja. Kabla ya moto Cornelius kajaribu vile vioo viwili vya kuonyesha maji, vikafanya kazi, karidhika. Sasa wageni wamemzunguka, wanapiga picha, hana nafasi ya kuvitazama sawasawa. Mie nimevitazama.

Maji hayachezi.

Boila likichemka maji kwenye kioo hayatulii, yanapanda, yanashuka. Haya yamesimama nusu, robo saa sasa, vioo vyote viwili, na mvuke unazidi kupanda. Vimeziba kwa shayiri yangu. Kioo kinasema nusu, ndani sijui. Hakuna anayejua! Maji yakipungua, bati la juu ya tanuri linakauka, linalainika, linapasuka, na mvuke wote unamlipukia dereva usoni. Dereva ni Cornelius. Marhoon kasimama ubavuni kwake, kapiga kilemba cha harusi.

La kusema nnalijua. Zima moto, Cornelius. Basi. Lakini baada ya hilo yatafuata mengine yote — Khattab, mkaguzi, ndugu yangu mbele ya watu, na Cornelius na ile mikono yake. Nimefungua mdomo mara mbili pale. Mara ya kwanza nikasema hongera. Mara ya pili nikaomba maji ya kunywa.

Naandika nini mie hapa, jamani!

Cornelius kaja kugonga dirisha. Jasho linamtiririka, meno yote nje. Anasema wageni wote wamepanda behewa, watu ishirini na wawili, na yeye kakataa kuondoka bila mie. Nipande juu pamoja naye nipige honi ya kwanza. Keshamwambia Khattab mbele ya watu kwamba bila Mama Hamdiya na maji yake boila hili lisingepona.

Nimemwambia tangulia, nakuja.

Kaenda mbio.