Kibuyu Ulichokiacha Kwenye Uzio

Gati, rafiki yangu,

Nimeshindwa kujua nianze na salamu gani. Kukuuliza hali naona kama dhihaka, na kukuambia huku sisi ni wazima ni uongo. Basi nianze na ugomvi, kama tulivyozoea. Umeondoka umeniachia watu nusu.

Ungeingia leo kwangu hapa Mugumu ungeona aibu. Juu ya cherehani miili ya vikaragosi imening'inia kwenye misumari, mikono chini, shingo wazi, haina vichwa. Wateja wanaoleta sketi za kupunguza wanakwepa ukuta ule. Mmoja aliniomba niifunike kwanza ndipo nimpime. Zamani watu waliingia humu wakicheka. Mimi nashona mwili na kufunga nyuzi, wewe unaleta kichwa na sauti, ndivyo tulivyogawana kazi tangu mwanzo, na hakuna kati yetu aliyewahi kufikiri kwamba mwenzake anaweza kukosekana. Tulikuwa wajinga, Gati.

Tangu tukuzike nimeenda mnadani mara moja tu. Nilimtoa Mzee Masikio, yule wetu mwenye masikio marefu ya ngozi yaliyotobolewa kama ya wazee wa zamani. Nyuzi zilinitii. Akatembea, akageuka, akaweka mkono kiunoni. Watu wakakusanyika, wakasubiri aseme lile neno lake la kumkaripia kijana, ambalo hata wachunga ng'ombe walikuwa wanalijua: "Mura, nani kanifungulia ng'ombe?" Nikachukua kibuyu kitupu, nikaongea ndani yake nyuma ya pazia kama ulivyokuwa ukifanya wewe. Ikatoka sauti ya mama mwenye mafua. Hakuna aliyecheka. Dada mmoja akauliza yule mwenzako yuko wapi, nikamwambia, akaweka kiganja mdomoni. Nikafungasha, nikarudi nyumbani.

Sasa sikia cha kukuudhi. Nimepata mwanafunzi. Anaitwa Mama Shija, katokea Shinyanga kumfuata mume aliyekuja kuchimba dhahabu, na anauza chai na chapati kule Nyamongo. Jioni anatengeneza vikaragosi vya matambara kwa kujifurahisha, sasa anataka kuviuza. Alisikia habari zako akanifuata. Nilikusudia kumfukuza, halafu nikajikuta namfundisha kwa maneno yako mpaka nikajishangaa.

Nilimwambia asitie waya kwenye viungo, atie ngozi, kwa sababu waya utamchoma mtoto na mama yake hatarudi tena kununua. Rangi aiache mpaka akinusa asisikie kitu, maana mtoto atakipeleka kikaragosi mdomoni, utake usitake. Nyuzi azizungushe kwenye kijiti kabla ya kufungasha. Zikisokotana njiani, siku yake ya biashara imekwisha, atashinda anafungua mafundo huku wateja wanapita. Na asivilaze chini kwenye turubai kama dagaa. Hilo lilikuwa linakupandisha hasira kuliko yote. Kikaragosi kilicholala ni tambara, ulisema, mtu ananunua kinachomwangalia.

Nikamwambia wateja wake wa Nyamongo wengi ni vijana wa mbali wanaotafuta zawadi ya mtoto waliyemwacha kwao, kwa hiyo avifanye vidogo, viingie kwenye begi la nguo. Asiige sura ya jirani. Nikamsimulia tulivyomtengeneza yule bwana mwenye kidevu kirefu, na mwenye kidevu chake akatokea mnadani, akasimama mbele yetu, akatazama, akatazama tena, na wewe ukamfunika kikaragosi kwa kanga ukisema ameshikwa na homa. Mama Shija alicheka mpaka akafuta machozi. Na mimi nilifuta, ila yangu yalikuwa mengine.

Aliponiuliza kuhusu vichwa nikakwama. Vichwa ulikuwa huvichongi, ulikuwa unaviotesha. Nilimweleza ninachokijua, kwamba kibuyu kikiwa bado kidogo kama limao, kingali kwenye mmea, unakifunga kitambaa laini, hapa unakaza, pale unalegeza, na kila ukipita na ndoo unakigusa, mpaka kinakua na paji la uso, mashavu na kidevu. Kamba haifai, inakata ngozi yake. Kikishakomaa unakitundika juu ya meko kikauke kwa moshi, usikianike juani kikapasuka. Ukikitikisa sikioni ukasikia mbegu zinacheza, hapo kiko tayari kwa rangi. Lakini pa kukaza ni wapi na pa kulegeza ni wapi? Hukuniambia. Kila nikikuuliza ulinijibu, "Wewe shona, Robi."

Nimeshona. Sasa nani ataotesha?

Kilikuwa kimebaki kimoja, unakijua. Ulikuja kwangu unakohoa, umebeba kitenge chako cha kijani chenye ndege, kile cha kwenda nacho kanisani, ukakikata mbele ya macho yangu kwa mkasi wangu. Ukasema nishone mwili wa mwanamke, na huyu hauzwi, ni wa mwanao Nyangi. Nikakuuliza kichwa chake kiko wapi. Ukajibu kiko kwenu Kisaka kwenye uzio, kinakua. Nikakuuliza ni nani, maana kila kibuyu ulimjua mwenyewe kabla hakijakomaa. Huyu mbishi, huyu bibi harusi, huyu mlevi mwenye huruma. Kwa huyu ulinyamaza. Nikakutania kwamba siku hizi unapanda vibuyu vya siri, ukacheka, kicheko kikageuka kikohozi, ukashika ukingo wa meza.

Nadhani ulikuwa unajiotesha wewe mwenyewe, Gati. Ulikuwa unamwachia mwanao mama, na mimi nimekaa pale nakutania. Inaniuma, nikiwa kwenye cherehani inaniuma mpaka nasimamisha kazi.

Baada ya mazishi sikukigusa. Nilikiacha kikomae kama ulivyotaka. Mahindi yalipovunwa nikapanda bodaboda kuja Kisaka na ule mwili kwenye begi. Nilifika nikakuta uzio mtupu, mmea umeng'olewa, hakuna kibuyu. Nikamwamkia mama yako shikamoo, nikauliza, na sauti yangu najua haikuwa ya adabu.

Mama yako alikuwa ameona kibuyu kizuri kimefungwa tambara, akadhani ni Nyangi anakichezea. Akalifungua tambara. Kilipokauka akakikata tundu utosini, akakisugua ndani, akakifukiza kwa kijiti cha moto kama anavyofanya vibuyu vyake vyote vya maziwa. Alinionyesha kwa fahari. Mtu aliyefuga ng'ombe maisha yake yote akiona kibuyu anaona maziwa, angeona nini kingine? Ni wewe na mimi tu tuliokuwa tunaona vichwa.

Nyangi alikuwa amekaa kwenye kigoda anakinywea. Nikakuona kwenye kibuyu kile. Paji lako la uso lilikuwa pale pale. Shavu la kushoto limejaa kidogo kuliko la kulia, kama lako unapozuia kicheko. Kidevu chako. Mama yako anakiosha kila asubuhi kwa mikono yake na hajakuona, na mimi sikuthubutu kumwambia.

Nilisimama na begi langu na nilitaka kukipokonya. Nakuambia ukweli. Bado kingefaa. Ningeliziba lile tundu kwa ngozi, ningechora macho, ningekiunga na mwili niliokuja nao, na jioni ile ungekuwa umesimama tena kwa nyuzi zangu, umevaa kitenge chako. Mkono wangu ulishafika kwenye zipu.

Mtoto akamaliza maziwa. Hakukiweka chini kibuyu. Alijifuta mdomo kwa kiwiko, akakiinamia, akaingiza maneno ndani yake kwa sauti nzito, ya polepole, iliyotoka huko chini:

"Mura, nani kanifungulia ng'ombe?"

Ilikuwa sauti ya Mzee Masikio, ile ile yako. Mama yako alikuwa anapepeta ulezi, mikono yake ikasimama hewani. Hatukuangaliana. Nyangi akarudia, safari hii akicheka, kisha akakimbia kukipeleka kibuyu jikoni.

Begi sikulifungua. Nikamwambia mama yako nilipita tu kuwasalimia.

Mwili wako umerudi kwenye msumari wake, nimeutundika peke yake, karibu na dirisha. Kile kibuyu kibaki na maziwa. Mama yako alikuwa amehifadhi mbegu zake kwenye ungo, akanigawia bila kujua anachonigawia. Mvua zikianza nitakuja Kisaka nizipande kwenye uzio ule ule, mimi na mwanao, na kitambaa cha kufungia kitatoka kwenye mabaki ya kitenge chako. Najua nitakaza mahali pa kulegeza. Kitatoka mtu mwenye sura mbaya, na hatakuwa wewe. Hata kama nitaotesha uzio mzima, hakuna atakayekuwa wewe.

Pumzika, Gati. Nakuahidi Nyangi hatakosa mtu wa kumshikia nyuzi maadamu vidole vyangu vinakunjuka. Akikua kidogo, mama yako akiruhusu, nitaenda naye mnadani, nimkalishe nyuma ya pazia na kibuyu chake. Kitu kimoja tu nimeshindwa kujiahidi. Sauti ile ikitoka nyuma yangu, watu wakaanza kucheka, najua nitageuka kukutafuta.

Mwenzako wa nyuzi,
Robi