Gari Lenye Stika Mpya na Padri Asiye na Binamu

Mpendwa Mama Ishbel,

Naomba msaada wako na naomba pia usicheke, maana wewe ukicheka gazetini pwani nzima inacheka na wewe mpaka Jumapili. Mimi ni mke wa mtu, nakaribia miaka hamsini, nafanya kazi kiwanda cha kaa msimu ukifunguliwa, misa siikosi, watu siwasemi zaidi ya wanavyonisema wao, na sasa hivi nina jambo limenikaa kifuani hadi uji wa shayiri naunguza, mimi ambaye sijawahi kuunguza uji tangu niolewe.

Jambo lenyewe ni gari. Mwezi wa kumi gari letu la zamani lilijifia lenyewe uani, na mume wangu Dougald akasema tusihangaike kwenda mjini kwa watu tusiowajua, huko utauziwa mbuzi kwenye gunia, bora tununue kwa mtu wetu, na mtu wetu ni binamu yake Lauchie, huyu anayeongoza kwaya, na hapo mimi nikatulia kabisa kwa sababu unajua sisi huku hatununui kitu, hata yai, kabla hatujauliza huyu ni wa nani, na Lauchie ni wa Roddie wa Donald Mwekundu, watu safi, babu yake ndiye aliyechimba kaburi la babu yangu na hata chai ya shukrani akaikataa, basi tulikaa jikoni kwake tukazungumza ukoo mpaka birika likakauka, gari likiwa nje kwenye mvua na hakuna aliyetoka kuliangalia.

Hapana, nisikudanganye, mimi nilitoka na niliinama kidogo. Nikaona chini kote ni kweusi, kunang'aa kama kiatu cha bwana harusi, nikamuuliza mbona kunang'aa hivi, akaniambia, "Shemeji, hili nalipaka oili kila mwaka kabla chumvi ya kuyeyushia barafu haijaanza kumwagwa barabarani ikala chuma, halafu nalipitisha barabara ya vumbi ili vumbi lishike, kama marehemu baba alivyotufundisha." Alipomtaja marehemu nikainuka nikarudi ndani, ungekuwa wewe ungesema nini? Na stika ya ukaguzi ilikuwa mpya pale kwenye kioo, imebandikwa wiki ileile na Wilfred wa gereji, na Wilfred kamuoa dada yake Lauchie, nikaona hiyo ndiyo dhamana yenyewe, shemeji hawezi kumdanganya shemeji, wala sikukumbuka kwamba mnunuzi ni mimi.

Basi Kwaresima hii, siku ya Jumapili, natoka kanisani, nikakanyaga breki kumpisha bibi mmoja avuke, na mguu wangu ukaenda. Ukaenda na zulia, ukaenda na kiatu, nikasikia baridi kwenye soksi, kutazama chini naiona theluji ya parokia! Nilipofika nyumbani nikabandua zulia na nikakuta kibati kimening'inia, cheupe, kina herufi nyekundu KARAMU YA KAMBAK, Mama Ishbel, lile bango la karamu yetu ya kambakoche lililopotea kiangazi cha mwaka juzi tukawalaani watalii wa Ontario mpaka padri wa wakati ule akatukemea! Nikachukua bisibisi nikachokoa kizingiti cha mlango wa gari, kikabomoka kama biskuti iliyolowa kwenye chai, ndani kumejazwa lile povu linaloganda la kuzibia nyufa za madirisha, na juu ya povu lami nyeusi.

Nikaenda kwa Lauchie. Akaniambia, "Ah, shemeji, hiyo ni kutu ya juu juu tu." Ya juu juu! Na mguu wangu umetokea chini! Nikaenda kwa Wilfred, naye hata hakuinua macho kwenye mchezo wa magongo aliokuwa akiutazama, akaniambia, "Mama, mimi nilikagua. Honi nilibonyeza, ikalia. Taa niliwasha, zikawaka. Sasa sakafu ulitaka nayo ifanye nini?" Nikamwambia ishike miguu ya watu. Akasema ukaguzi ni wa siku ile ya ukaguzi, ya kesho yake ni mipango ya Mungu.

Nilitaka kuwashtaki lakini Dougald akanishika, kwa sababu msimu wa kambakoche yeye hufanya kazi kwenye mashua ya Lauchie, tukigombana naye tutakula nini, na yeye ana suluhisho lake. Amepigilia kibati kingine, kapaka lami upya, Wilfred amekubali kutoa stika mpya kwa simu, gari halikutoka hata uani, alichouliza ni "Bado la bluu?" tu, na mnunuzi amepatikana, naye ni padri wetu, huyu aliyetoka Kerala mwaka jana. Nilipopiga kelele Dougald akanijibu, "Wewe mwanamke, sisi tulipewa na Lauchie, Lauchie alipewa na mwingine, hii ni kama mafua, unayapokea na unayapitisha. Halafu padri ana malaika mlinzi."

Padri mwenyewe alikuja kuliona. Hana binamu hapa, hana wa kumuuliza. Akaitazama stika kwa heshima, akasema, "Serikali yenu nzuri, inakagua magari ya watu." Hakuinama. Aliniuliza swali moja tu, "Mama, wewe ungelipanda?" nikamjibu, "Baba, nalipanda kila siku," na kweli nalipanda, lakini nilipolisema nilihisi nimemtemea mate. Huyu ndiye aliyekuja wakati mama yangu anakata roho, Krismasi, barabara zimefungwa, akaja na lori la kuazima katika tufani ile ya theluji, akamshika mama mkono mpaka mwisho, na sasa ataendesha gari la povu kila Jumapili kwenye makanisa matatu, kwenye ile barabara ya genge unakoiona bahari chini ya tairi. Analichukua Jumamosi hii.

Nimemwambia Dougald sitaweza, akaniambia basi nenda kaungame kwake, kamwambie yote kwenye kitubio, wewe utakuwa umesema kweli na yeye atafungwa na siri ya kitubio, hawezi kumwambia mtu wala kulikataa gari kwa neno alilolisikia mle. Nimelifikiria hili siku kadhaa na nashindwa kuona kosa liko wapi, ila najua lipo. Nifanye nini, Mama? Nikisema, navunja ukoo na mume anakosa kazi. Nikinyamaza, naogopa. Majina yote nimeyabadilisha ili tusitambulike.

Ni mimi niliyekanyaga theluji ndani ya gari.

*

Mwanangu uliyekanyaga theluji,

Nimecheka, nisamehe. Nimecheka kwenye bango, nikacheka kwa Wilfred, kisha nikafika pale padri anapokuuliza kama ungelipanda na kicheko kikaisha. Kwa hiyo sasa nitakusema, na wewe vumilia.

Kwanza hiyo oili. Wewe umezaliwa hapa, hukuletwa na kivuko. Tangu lini gari lililopakwa oili likapitishwa vumbini likang'aa? Gari la namna hiyo chini yake ni kahawia na linanata, linafanana na kuku aliyejigaragaza majivuni, ukiligusa unanawa siku mbili. Kinachong'aa kama kiatu cha bwana harusi ni lami ya juzi, na lami ya juzi ina kitu inachokificha. Mtoto wa chekechea wa pwani hii anajua. Wewe pia ulijua, ndiyo maana ukauliza. Ila alipomtaja marehemu ukameza swali lako. Umekagua ukoo mpaka kwa Donald Mwekundu, chesisi hukuikagua. Donald Mwekundu hakushikilia tairi hata moja la gari lile, mama.

Hapa si wewe peke yako, na hili nawaambia wote wanaosoma. Tuna ugonjwa. Sisi tunaona stika ni kama maji ya baraka, ukishanyunyiziwa umepona. Kila mtu anamjua fulani anayetoa stika bila maneno mengi, na kila mtu anamsifu huyo fulani, "mtu mzuri sana, hasumbui." Hasumbui! Mkaguzi kazi yake ni kusumbua. Akikutolea stika kwa simu hajakusaidia wewe, amemuua mtu ambaye bado hajafa, na mtu huyo anaweza kuwa anatoka misa anamsubiri bibi avuke.

Haya, mumeo. Dougald simchukii, anaogopa njaa na nani haogopi. Lakini hiyo hoja ya mafua nimeisoma mara mbili nikataka kuja na mwiko. Mafua hupitishwa na mtu asiyejua anayo. Nyinyi mnajua, mmepigilia kibati kwa mikono yenu. Lauchie aliwauzia kutu, nyinyi mnauza kutu na kujua, sasa nani zaidi? Na hiyo mashua anayoihofia, hebu nimuulize: mtu anayeziba sakafu ya gari kwa bango la karamu ya kanisa, unafikiri mashua yake ameizibaje? Kabla hajapanda, Dougald akabandue na huko aone. Kwa mabaharia wengine kuna nafasi, wanatafuta watu kila msimu, mwambie aulize.

Kitubio. Ee Mungu wangu. Umesema huoni kosa liko wapi. Ngoja nikuonyeshe. Mtu huenda kuungama ili aache, haendi ili padri ashindwe kukwepa. Unataka uingie mle, umfunge mtu mikono kwa sakramenti yake mwenyewe, kisha umpe ufunguo, naye aendeshe kwenye genge akijua kabisa kilicho chini ya miguu yake na hawezi kusema neno. Hata wale wauza farasi matapeli wa zamani hawakuwahi kufikiria hilo. Mumeo kapoteza kipaji, angekuwa mwanasiasa. Dhambi unaiungama baada ya kuirekebisha, siyo badala yake, na hilo bibi yako alikufundisha kabla hujajua kufunga kamba za viatu.

Sasa sikiliza la kufanya, na ulifanye. Nenda kwa padri, siyo kwenye kiti cha maungamo, nenda mlango wa mbele, mchana, umkalishe, umwambie: Baba, uliniuliza kama ningelipanda, nami nikakujibu kwa ujanja, gari hili limeoza. Tumia neno hilo, limeoza, usianze na "lina kasoro kidogo." Halafu chukua wembe ubandue ile stika, kwa mkono wako, uichane. Lipakieni gari kwenye lori la kukokotea, msiliendeshe, mlipeleke ng'ambo ya daraja kwenye gereji ambako hakuna anayejua baba yako ni nani, walipandishe juu, wachokoe, waandike walichokiona. Karatasi hiyo nakala moja Lauchie, nakala moja wale wa mkoa wanaompa Wilfred stika zake. Bango lirudishe parokia hata kama ni nusu. Lauchie atanuna, kwaya itaimba bila yeye, na kwa ninavyowasikia Jumapili haitakuwa hasara kubwa.

Unasema utavunja ukoo. Ukoo unaosimama kwa povu la madirisha acha uvunjike, utajengwa upya na waliobaki wazima. Mficha maradhi kifo humuumbua, na safari hii kifo hakitakuwa cha mficha maradhi, kitakuwa cha mtu aliyemshika mama yako mkono. Wewe hilo huwezi kuishi nalo. Ungeweza, usingeniandikia.

Limebaki moja, nalo ndilo linalonikimbiza. Barua yako haina namba ya simu wala anwani, ungeniwekea namba ningekupigia siku ileile na haya yote yangebaki kati yetu. Njia niliyonayo ni hii peke yake. Majina umebadilisha vizuri, nakupongeza, lakini padri kutoka Kerala pwani hii tunaye mmoja. Na jambo usilolijua: gazeti hili likitoka Jumatano asubuhi yeye huketi na yule mama anayempikia, wakilisoma kwa sauti, ndivyo anavyojifunza matamshi yetu, na huanza na ukurasa huu. Kwa hiyo hivi sasa mnasoma wawili, wewe na yeye. Acha kikombe hapo, vaa koti, kimbia nyumba ya padri ili alisikie kinywani mwako kabla hajafika kwenye mstari huu. Anasoma polepole.

Mama Ishbel